Breki ya nyuma: safisha kwanza, halafu ndiyo uongeze

Katika toleo lililopita tuliongea juu ya kukausha mahindi na kuyapima kabla ya kuyatia ndani ya gunia. Wengi mlituambia somo limefaa. Lakini gunia likishafungwa halifiki lenyewe Kalemie. Linapanda nyuma ya pikipiki, linafungwa kwa mpira, na kuanzia hapo kazi yote ya msimu, tangu kulima mpaka kupukuchua, inategemea kitu kimoja ambacho watu hawakiangalii: breki ya nyuma. Kwa hiyo safari hii tunaacha shamba kidogo.

Sisi ni ma-agronome, si mafundi wa garaji. Kwenye shule ya kilimo hakuna aliyetufundisha kufungua gurudumu. Tumejifunza njiani, kwa sababu wakulima tunaowatembelea wako mbali, na pikipiki ikikataa katikati ya barabara ya Bendera au ya Nyunzu, hakuna wa kumwita. Mengine tumejifunza kwa kukosea, na makosa hayo tutayasema hapa wazi.

Kilichotokea kwenye mteremko

Mwezi wa tatu mwaka jana, mvua ikiwa bado inanyesha, motari wa koperative moja tunayoifuata alikuwa anateremka kuja mjini na magunia mawili ya mahindi. Kulikuwa na boti bandarini iliyokuwa inangojea mzigo. Kwenye mteremko alikanyaga breki ya nyuma kama kawaida. Anasema alisikia mlio, "kaa!", kama chuma kinavunjika. Gurudumu likakamatwa kwa ghafla, likakatalia pale pale, pikipiki ikalala ubavu. Mfupa wa bega ulivunjika. Gunia moja lilipasuka ndani ya matope. Boti haikungoja.

Tulipokwenda kuangalia pikipiki, hatukuhitaji muda mrefu. Kwenye gurudumu la nyuma kuna fimbo mbili za chuma, na watu wengi wanajua moja tu. Ya kwanza ni fimbo ya kuvuta: inatoka kwenye pedali, inakwenda nyuma, inavuta mkono wa breki. Ya pili ni fimbo ya kuzuia: upande mmoja imefungwa kwenye sahani inayofunika ngoma ya breki, upande mwingine kwenye uma wa nyuma wa pikipiki. Hiyo ya pili haisogei, haivuti kitu, inaonekana kama haina kazi. Kumbe ndiyo inayozuia sahani isizunguke pamoja na gurudumu wakati unakanyaga.

Kwenye pikipiki ile, bolti ya fimbo ya kuzuia ilikuwa imepotea siku nyingi. Mahali pake mtu alifunga waya. Waya ule ulikuwa umekunjwa vizuri, mara nne, tano, kwa mikono ya mtu mwenye bidii. Pikipiki ikiwa tupu waya ulivumilia. Siku ya magunia mawili na mteremko, ulikatika. Sahani ikazunguka, ikajivutia yenyewe fimbo ya kuvuta, breki ikajikaza kuliko mguu wowote ungeweza kuikaza.

Tulimwuliza nani alifunga. Akasema: "Ni mimi mwenyewe, agronome. Nilisema nitatafuta buloni kesho." Kesho hiyo ilichukua miezi minne.

Ndani ya ngoma

Kabla ya kushika funguo, ni vizuri kuelewa mashine yenyewe. Pikipiki nyingi zinazobeba mavuno hapa kwetu, zile za India kama Bajaj Boxer na TVS, zile za China, na hata Yamaha AG100 ambazo mashirika yamezitumia vijijini kwa miaka mingi, zina breki ya ngoma kwenye gurudumu la nyuma. Mafundi wetu wanasema tamburi. Ndani ya ngoma kuna viatu viwili vya breki vyenye umbo la mwezi mwandamo, vimebandikwa juu yake ile garnitire mnayonunua dukani. Upande mmoja viatu vimeegemea pini. Upande wa pili, kati ya ncha zake, kuna chuma chenye kichwa bapa, tukiite kamu. Ukikanyaga pedali, fimbo inavuta mkono, mkono unageuza kamu, kichwa bapa kinasukuma viatu kwa nje, garnitire inagusa ngoma. Ukiachia, springi mbili zinarudisha viatu mahali pake.

Hakuna mafuta ya breki wala pampu. Ndiyo sababu breki hii inaweza kutengenezwa nyumbani, na ndiyo sababu pia kila mtu anajiona fundi wake.

Kuna jambo la pili la kuelewa, nalo ni uzito. Chukua pikipiki ya kilo 110 hivi, motari wa kilo 70, na mzigo wa kilo 120. Jumla kilo 300. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, pikipiki inakwenda karibu mita 11 kila sekunde. Breki ikiwa nzuri na barabara ikiwa kavu, tangu unapoanza kukanyaga mpaka kusimama ni kama mita 15. Breki ikifanya nusu tu ya kazi yake, ni mita 30. Ongeza mita 11 ulizokwenda kabla mguu haujafika kwenye pedali. Hapo tunasema barabara ya bapa. Kwenye mteremko, hesabu hiyo haikusaidii tena, inazidi. Na mzigo ukiwa nyuma, uzito mwingi uko juu ya gurudumu la nyuma, kwa hiyo breki ya nyuma inabeba kazi kubwa kuliko alivyofikiri yule aliyetengeneza pikipiki kwa ajili ya watu wawili.

Siku ya Jumamosi chini ya mwembe

Baada ya ajali ile, koperative iliomba tukae pamoja tuangalie pikipiki zote za wanachama. Tulikutana Jumamosi, chini ya mwembe, na mkeka mmoja mkubwa wa kuwekea vyuma ili visipotee ndani ya majani. Mama mweka hazina alikuja na daftari. Fundi mmoja wa mtaa alikuja pia, na tunamshukuru, kwa sababu vitu vingi yeye alivijua na sisi hatukuvijua.

Malalamiko yalikuwa yale yale. "Hii freni iko nakamata paka kidogo." "Ya kwangu inashika, halafu haiachii." "Mimi nimekaza nati mpaka mwisho, sasa hakuna tena ya kukaza." Na karibu kila mmoja alikuwa na wazo la kuongeza kitu: mkono mrefu zaidi, springi ya pili, pedali ya kuchomelea. Tukasema: ngojeni. Kwanza tufungue, tusafishe, turudishe kila kitu mahali pake, halafu ndiyo tuone kama bado kuna haja ya kuongeza.

Unaanza kwa kuegesha pikipiki juu ya stendi yake ya katikati, au juu ya kipande cha mti, mpaka gurudumu la nyuma linaning'inia. Fungua nati ya kurekebishia iliyo mwisho wa fimbo ya kuvuta. Usipoteze ile springi ndogo na kile kipande cha duara kinachoingia ndani ya mkono. Fungua fimbo ya kuzuia. Toa pini ya kukunja, ile gupiye, kwenye nati ya ekseli, fungua nati, vuta ekseli. Gurudumu likitoka, sahani inatoka pamoja na viatu vyake kama mfuniko wa sufuria.

Hapo simama kidogo. Vumbi utakaloliona, jeusi na laini, usilipulize kwa mdomo, wala usilete pampu ya hewa. Garnitire za zamani zilitengenezwa kwa amianti, zile nyuzi za mawe zilizotiwa pia kwenye bati za eternit, na vumbi lake linaharibu mapafu pole pole, kwa miaka. Huwezi kujua iliyo mkononi mwako ni ya aina gani. Chukua kitambaa, kiloweshe maji na sabuni kidogo, futa, halafu kifukie kitambaa hicho. Watoto wasogezwe mbali. Chini ya mwembe wetu walikuwa kumi na kitu, wote wanataka kuona.

Sasa tazama garnitire. Ikiwa imebaki unene wa milimita 2 au chini ya hapo, imekwisha, usibishane nayo. Milimita 2 ni kama unene wa sarafu iliyo nene. Ikiwa bado nene lakini inang'aa kama kioo, ipitishie msasa kidogo ikiwa imelowa, mpaka ule mng'ao uondoke. Ikiwa imelowa mafuta, hiyo ni habari nyingine.

Mafuta tuliyakuta kwenye pikipiki mbili, na moja ilinukia mawese. Mwenyewe anabeba bidoni za mafuta ya mawese kila soko, na moja ilikuwa na mfuniko mbovu. Mafuta yaliteremka kidogo kidogo kwenye rayo, yakatafuta njia mpaka ndani ya ngoma. Mafundi wengi hapa, garnitire ikilowa mafuta, wanaitia kwenye moto wa makaa ili mafuta yaungue. Tunaomba muache. Garnitire imebandikwa kwa gundi juu ya kiatu. Moto ule ule unaotoa mafuta unachoma gundi pia, na siku moja garnitire inabanduka ndani ya ngoma wakati gurudumu linazunguka. Garnitire iliyolowa mafuta inabadilishwa. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya gunia moja la mahindi, na gunia moja ndilo la kwanza kupotea.

Angalia pia ngoma yenyewe. Kwa ndani mara nyingi kuna maandishi madogo yanayosema kipenyo cha mwisho kinachokubaliwa. Ngoma ya milimita 130, kwa mfano, kwa kawaida haitakiwi kupita 131. Kama ukipitisha kidole unasikia ukingo mkubwa, au mitaro kama shamba lililolimwa matuta, garnitire mpya peke yake haitakuponya.

Halafu tukafika kwenye kitu kilichotuchukua muda mrefu kuliko vyote, na ndicho kilichotoa jibu kwa malalamiko mengi: kamu. Kwenye karibu kila pikipiki tuliyofungua, kamu ilikuwa imekaa kwenye tundu lake na kutu na matope yaliyokauka, haigeuki kwa mkono. Motari anakanyaga, nusu ya nguvu ya mguu inaishia kupigana na kutu. Akiachia, springi hazina nguvu ya kuirudisha, viatu vinabaki vinagusa ngoma, ngoma inapata moto, petroli inakwisha haraka. Yule anayesema haikamati na yule anayesema haiachii wana ugonjwa mmoja.

Ili kuitoa, kwanza utafute alama. Kwenye mkono wa breki na kwenye ncha ya kamu kuna nukta au mstari mdogo, vinatazamana. Kama huvioni, piga yako mwenyewe kwa msumari kabla ya kuvuta mkono. Toa kamu, isafishe kwa msasa mpaka ing'ae, safisha tundu lake kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti. Halafu paka grisi, kidogo sana, kama mtu anayepaka mafuta kwenye midomo: kwenye shina la kamu, kwenye uso wa kichwa bapa, na kwenye pini ya upande wa pili. Basi. Ukipaka nyingi, joto litaiyeyusha iende kwenye garnitire, na umerudi kwa mwenye mawese.

Papa mmoja, mzee wa koperative, ambaye alikuwa amekuja na mkono mrefu wa kuchomelea tayari mfukoni, alirudishiwa pikipiki yake ikiwa imesafishwa kamu tu. Alizunguka mwembe mara mbili, akakanyaga, tairi likaandika mstari kwenye vumbi. Akauliza: "Sasa hiki chuma nipeleke wapi?"

Mkono na ile pembe yake

Tunakaa kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapojidanganya.

Garnitire ikilika, kamu inabidi igeuke zaidi ili viatu vifike kwenye ngoma. Mkono nao unalala mbele zaidi. Unakaza nati, unakaza, mpaka nyuzi zinakwisha. Sasa kuna ujanja mmoja unaojulikana kila mahali: unatoa mkono kwenye meno ya kamu, unaurudisha nyuma jino moja au mawili, na pedali inakuwa juu tena kama mpya. Watu wanafurahi. Lakini garnitire haikuongezeka hata kidogo. Umeficha ugonjwa. Kamu ikigeuka kupita kiasi, kichwa chake bapa kinasimama wima kati ya viatu. Baada ya hapo hakisukumi tena, na kinaweza kunasa kikiwa kimesimama hivyo, gurudumu likabaki limekamatwa.

Pikipiki nyingi zina mshale mdogo chini ya mkono, na alama kwenye sahani. Ukikanyaga na mshale ukafika kwenye alama, garnitire imekwisha. Tulikuta mishale mingine imekunjwa, mingine imetupwa. Ukiwa nayo, iheshimu.

Njia ya kupima bila mshale ni hii. Mwambie mtu akanyage pedali kwa nguvu. Wewe utazame kutoka ubavuni: fimbo ya kuvuta na mkono wa breki vinapaswa kufanya pembe kama ya kona ya daftari, au chini yake kidogo. Hapo ndipo mvuto una nguvu zaidi. Kama mkono umekwisha kulala mbele kupita kona hiyo, kila kilo ya mguu wako inafanya kazi ndogo zaidi, hata kama garnitire ni mpya.

Tulipojaribu kuongeza nguvu

Miaka miwili nyuma, kabla hatujajua haya, sisi wenyewe tulirefusha mkono wa breki wa pikipiki yetu ya kazi. Ulikuwa na sentimita 7 kati ya kamu na tundu la fimbo. Tulichomelea kipande, ukawa na sentimita 9. Hesabu ni rahisi: 9 kugawanya kwa 7 ni karibu 1.3, maana yake nguvu inaongezeka karibu theluthi moja kwa mguu ule ule. Hesabu hiyo ni ya kweli. Lakini tulisahau upande wake wa pili: pedali nayo inateremka zaidi kwa kipimo hicho hicho kabla breki haijashika. Nguvu haitoki bure, unailipa kwa urefu wa mwendo.

Kwenda, tukiwa tumepakia mbegu, breki ilikuwa tamu. Tulijisifu. Kurudi, tukiwa tupu, mvua ilikuwa imenyesha kwenye udongo mwekundu. Tulikanyaga kama tulivyozoea, gurudumu likakamatwa pale pale, sehemu ya nyuma ikapita mbele yetu. Hatukuumia, matope yalikuwa laini. Lakini tulikaa pale tunatazama mkono wetu wa sentimita 9 na hatukuwa na la kusema. Wiki ile ile tuliurudisha wa zamani. Tulipofungua tuliona pia kwamba pale tulipochomelea palianza kupasuka ufa mdogo.

Hatusemi kwamba mkono mrefu ni haramu. Fundi akipata mkono wa pikipiki nyingine wenye meno yale yale, mrefu kidogo, wa chuma kizima usio na mchomeleo, na pembe ikabaki nzuri, tunaweza kukubaliana. Ila ufanye hivyo baada ya kusafisha, na ujue kwamba pikipiki tupu sasa ina tabia nyingine.

Fimbo ya kuvuta tumeona zimetengenezwa kwa chuma cha beto. Chuma chenyewe kina nguvu ya kutosha. Udhaifu uko mwishoni: mtu anakunja ndoano badala ya kukata nyuzi na kutia nati. Ndoano inafunguka pole pole kila unapokanyaga. Kama hakuna fundi wa kukata nyuzi, afadhali ungojee fimbo ya dukani. Juu ya fimbo ya kuzuia hatuna mjadala: bolti ya ukubwa wake, nati yake, na gupiye. Waya haufai hata kwa siku moja ya kufika nyumbani. Tumeona ilipofikia.

Vitu vidogo vya kuongeza tunavyovipenda ni vya bei ya bure. Kipande cha mupira wa ndani uliozeeka, kimefungwa mbele ya mkono na nati, kinazuia matope yasirukie nyuzi. Mpira mdogo wa duara kwenye fimbo unaondoa kelele. Na ile swichi ya taa ya nyuma, yenye springi nyembamba iliyofungwa kwenye pedali, irekebishwe ili taa iwake kabla kidogo ya breki kushika. Jioni, kwenye vumbi, gari iliyo nyuma yako haina kitu kingine cha kuonea.

Kufunga, na kupima ukiwa umepakia

Wakati wa kurudisha gurudumu kuna jambo moja alilotufundisha fundi wa mtaa, na tunalitoa hapa kwa heshima yake. Usikaze nati ya ekseli moja kwa moja. Ikaze kwa mkono tu, halafu mtu akanyage pedali kwa nguvu na abaki amekanyaga, viatu vijipange sawa katikati ya ngoma. Hapo ndipo ukaze nati kwa ufunguo. Breki ambayo ilikuwa inatetemeka inaweza kutulia kwa hilo peke yake. Halafu fimbo ya kuzuia, bolti, gupiye mpya.

Sasa rekebisha mchezo wa pedali. Kwenye pikipiki nyingi za namna hii, pedali inatakiwa kuteremka milimita 20 mpaka 30 kabla breki haijaanza kushika, kama upana wa vidole viwili visivyo vinene. Zungusha gurudumu kwa mkono: lisikwaruze. Kitabu cha pikipiki yako kikisema kipimo kingine, fuata kitabu.

Watu wengi wanaishia hapo. Sisi tunaomba hatua moja zaidi: pakia. Weka magunia yale yale unayoyabeba siku ya soko, kaa juu, na upime tena. Mzigo ukikandamiza springi za nyuma, uma wa nyuma unapanda, na umbali kati ya pedali na mkono wa breki unabadilika kidogo. Kwenye pikipiki nyingine fimbo inakazika, breki inaanza kugusa bila kuguswa. Kwenye nyingine inalegea. Tulikuta moja ambayo tupu ilikuwa sawa kabisa, na ikipakiwa ilikuwa inajikanyaga yenyewe njia nzima. Mwenyewe alikuwa analaumu injini.

Na ukivuta gurudumu nyuma ili kukaza cheni, umekaza na breki pia. Cheni na breki zinarekebishwa pamoja, siku moja.

Garnitire ikiwa mpya, siku chache za kwanza kanyaga kwa upole, kwa sababu bado haijazoeana na ngoma. Ukivuka maji, na tangu ziwa lilipopanda mwaka 2024 wengi wetu tumevuka maji mahali ambapo zamani palikuwa barabara, ngoma ikijaa maji breki haitashika. Usingoje mteremko ndipo ugundue. Ukitoka tu majini, endesha pole pole ukigusa pedali kidogo kidogo mpaka joto likaushe. Kwenye mteremko mrefu weka gia ndogo, acha injini ishike sehemu ya uzito, kanyaga na kuachia badala ya kukanyaga bila kuachia. Ngoma ikipata moto inatanuka, inakimbia garnitire, na pedali inazama. Wenye AG100 wajue kwamba injini yake ya mipigo miwili inashika kidogo sana kwenye mteremko, kwa hiyo waanze polepole tokea juu. Na ngoma iliyo na moto usiimwagie maji. Inaweza kupasuka.

Jioni ya Jumamosi ile, mama mweka hazina alisoma kutoka kwenye daftari lake garnitire ngapi zinahitajika, bolti ngapi, gupiye ngapi. Koperative imekubali kununua kwa pamoja, kila mwenye pikipiki analipa baada ya kuuza. Wamenunua pia sanduku moja la funguo, linakaa kwenye depo ya mahindi, na hakuna pikipiki inayopakiwa mzigo wa koperative kabla ya mtu wa pili, ambaye si motari, kuangalia fimbo zote mbili na kukanyaga pedali. Motari mmoja alinung'unika kwamba wanamchelewesha. Mama akamjibu: "Papa, boti iliyokwenda bila mahindi yetu, nayo ilikuwa na haraka."

Motari wetu wa mwezi wa tatu amerudi kazini. Bega limepona, ingawa gunia analinyanyua kwa mkono mmoja. Fimbo yake ya kuzuia ina bolti mpya, na kila asubuhi anaigonga kwa ufunguo mdogo na kusikiliza. Breki yake ya mbele bado haina kabo. Tumeiagiza kwa msafiri anayekwenda Uvira, na mpaka ifike, daftari la mama linasema yeye anabeba gunia moja tu.